Aliyemfuata Mtoto Aliyefukuzwa: Maisha na Kazi za Barbara Kimenye

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, kwenye ukumbi wa shule)



Kamati iliponiandikia barua kunitaka niseme nanyi juu ya mtu ambaye maisha yake yanafaa kujulikana na vijana, nadhani ilitarajia nichague rais, au mwanasayansi, au angalau mmoja wetu aliyepanda cheo. Mimi nimemchagua mwanamke ambaye hakusoma hapa, hakuzaliwa Afrika, na ambaye sifa yake kubwa ilitokana na kuandika habari za mvulana mtukutu wa shule ya bweni. Jina lake ni Barbara Kimenye. Nawaona waliosoma hapa miaka ya 1970 wameanza kucheka. Vijana, vuteni subira, mtajua sasa hivi wazee wenu wanacheka nini.

Wengi wetu tulipokuwa tukimsoma tulidhani ni Mganda. Wengine, kwa kuliona jina la Kimenye, wakasema ni Mhaya, na wenzetu wa Bukoba wakatembea vifua mbele kwa muda wa juma zima. Ukweli ni kwamba alizaliwa mwaka 1929 katika mji wa Halifax, jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa daktari kutoka Visiwa vya Karibi, na mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi aliyeingia Ukatoliki. Hebu fikirini mtoto wa namna hiyo katika mji wa viwanda vya Uingereza wa wakati ule. Alisoma shule ya wasichana ya Keighley, kisha akaenda London kujifunza uuguzi.

London ya mwanzo wa miaka ya 1950 ilikuwa imejaa wanafunzi kutoka makoloni, na miongoni mwao walikuwamo vijana wa Afrika Mashariki ambao baadaye walikuja kushika hatamu za nchi zao. Huko ndiko alikoolewa na Bwana Kimenye, mtoto wa chifu kutoka Bukoba. Kwa hiyo wale wenzetu waliotembea vifua mbele hawakukosea sana. Katikati ya miaka ya 1950 mume na mke wakaja kukaa Bukoba, kando ya ziwa hili hili. Ndoa ile haikudumu. Bibi Kimenye akachukua watoto wake wawili wa kiume akaenda Kampala.

Pale Kampala aliwakuta tena baadhi ya rafiki aliowajua Uingereza, na Kabaka Mutesa wa Pili alimpa kazi ya ukatibu katika serikali yake ya Buganda. Kadhalika alianza kuandika magazetini, katika Uganda Nation. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na mwaka uliofuata Kabaka akawa Rais. Mwaka 1965 Bibi Kimenye alihamia Nairobi kufanya kazi katika Daily Nation, na baadaye East African Standard. Mwaka mmoja tu baada ya yeye kuondoka, tarehe 24 Mei 1966, majeshi ya Obote yaliuvamia mji wa Kabaka pale Mengo, na Kabaka akakimbilia uhamishoni London, akafia huko mwaka 1969. Dunia aliyoifanyia kazi Bibi Kimenye ilitoweka hivi hivi.

Nayasema haya kwa sababu kitabu chake cha kwanza cha hadithi kilitolewa na Oxford University Press mwaka huo huo wa 1965. Kinaitwa Kalasanda. Ni hadithi fupi za kijiji kimoja cha Buganda, na mwaka uliofuata ikafuata Kalasanda Revisited. Mtu angetegemea mwandishi aliyekaa karibu na wakubwa namna ile aandike habari za wakubwa. La hasha. Aliandika habari za wambea, wajane, wazee wakaidi na majirani wenye kijicho. Hadithi mojawapo, nafikiri ndiyo iliyosomwa zaidi kuliko zote, inamhusu mzee Pius Ndawula aliyeshinda fedha nyingi kwa kubashiri matokeo ya mpira. Vijana wa leo mnauita mchezo huo mkeka, na najua kwamba hapa shuleni umekatazwa, basi sitauliza nani anaucheza. Mzee yule habari zake zinapotoka gazetini, ndugu ambao hajapata kuwaona wanamiminika nyumbani kwake, kila mmoja ana haja yake na shauri lake, mpaka mwenye nyumba hana pa kukaa. Hakuna mahali mwandishi anaposimama kutuambia kwamba tamaa ni mbaya. Anatuonyesha tu nyumba iliyojaa watu, na kila msomaji anamkuta shangazi yake humo ndani.

Huo ndio ufundi alioingia nao katika vitabu vya watoto. Kitabu cha kwanza cha Moses kilitolewa mwaka 1968, vikafuata vingine kimoja baada ya kingine. Kuna kimoja cha watekaji nyara, kimoja cha mzuka, kimoja cha rafiki wa kalamu, kimoja cha kupiga kambi porini. Moses Kibaya na wenzake, akiwamo mmoja aliyepewa jina la King Kong na mwingine aliyeitwa kwa vidole vyake visivyotulia, wanasoma katika shule ya bweni ya binafsi huko Uganda. Shule hiyo ina jina refu kuliko mali zake: ukilitia katika Kiswahili ni Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Waungwana wa Kiafrika. Sasa wana hao wa waungwana ni nani? Ni wavulana watukutu ambao shule nyingine hazikuwataka.

Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Hadithi za shule za bweni hazikuanza na Bibi Kimenye. Waingereza walikuwa nazo tangu zamani. Thomas Hughes alitoa Tom Brown's School Days mwaka 1857, juu ya shule ya Rugby, na waandishi wengi wakaifuata njia hiyo, hata Enid Blyton katika miaka ya 1940 na wasichana wake wa St Clare's. Vitabu vya namna hiyo vilifika hadi kabati letu la maktaba. Tulivisoma kwa bidii, ingawa theluji hatukuijua na kriketi haikutuingia akilini. Katika hadithi nyingi za aina hiyo shule yenyewe ni mahali pema, na mtoto mbovu hana budi ama ajirekebishe ama aondoke. Akiondoka, hadithi haitoki naye. Lango linafungwa, yeye anapotelea huko nje na sanduku lake, na wewe msomaji unabaki ndani pamoja na wale wema.

Bibi Kimenye alitoka nje ya lango akamfuata yule aliyefukuzwa. Akamtafutia shule. Shule mbovu kwelikweli, lakini shule. Akampa rafiki, akampa akili ya kujinasua, akampa kitabu kizima, kisha kingine, na kingine. Wala hakumgeuza kuwa malaika katika ukurasa wa mwisho ili sisi walimu turidhike. Moses anaingia katika matatizo, anatoka, na kabla wino haujakauka yumo katika matatizo mengine.

Nimefundisha kwa miaka thelathini na minne, na nimesikia walimu wenzangu wakilalamika kwamba vitabu hivyo havina funzo. Nathubutu kusema kwamba walikuwa wakilitafuta funzo mahali pasipo. Mtoto wa kidato cha kwanza ambaye ameitwa mjinga mbele ya darasa, akifungua kitabu akamkuta mwenzake wa namna hiyo ndiye shujaa wa hadithi, hapo amepata kitu ambacho sisi na chaki zetu hatukumpa. Ataendelea kusoma. Na mtoto anayeendelea kusoma, hata akisoma upuuzi, mimi humwona amekwisha kuvuka nusu ya mto.

Sisemi kwamba vitabu hivyo havina dosari. Miaka inapita na Moses hakui. Ukivisoma vitatu mfululizo unaanza kujua mapema mambo yatakavyogeuka. Wasichana hawana nafasi kubwa humo, jambo ambalo binti yangu aliniuliza akiwa na umri wa miaka kumi na moja, nami sikuwa na jibu la maana zaidi ya kumwambia kwamba mwandishi alikuwa akilea wavulana wawili. Tena vimeandikwa kwa Kiingereza. Hilo nitalirudia.

Hapa shuleni, mwaka 1975, tulikuwa na nakala moja tu ya Moses kwa bweni zima. Ilikuwa haina jalada, na karatasi za mwisho zilikuwa zimechanika kabla haijatufikia. Zamu za kuisoma ziliandikwa nyuma ya daftari la hesabu, na kila mtu alipewa siku mbili. Kwa kuwa mwisho haukuwapo, tulimtegemea mwenzetu mmoja aliyesema amekisoma kitabu kizima nyumbani kwa mjomba wake. Kila baada ya taa kuzimwa alitusimulia mwisho huo, na kila usiku ulikuwa tofauti. Alikuwa akiiga sauti zote: ya mwalimu mkuu, ya mzazi mwenye hasira, hata ya mlango. Bweni lilikuwa kimya kama msikiti. Mpaka leo sijui kama alipata kukisoma kweli. Namshuku.

Mwenzetu huyo alifukuzwa shule mwaka uliofuata, tukiwa kidato cha tatu. Alikuwa ametoka nje ya uzio usiku kwenda kutazama sinema ya gari la serikali lililokuja mjini. Hakwenda peke yake, lakini ndiye aliyekamatwa, na majina ya wengine hakuyataja. Tulisimama mstarini asubuhi tukamwona akipita na sanduku lake la bati kichwani kuelekea barabarani. Hapakuwa na shule ya Mukibi ya kumpokea. Jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa, ila wale wa mwaka wangu wanamjua, na wapo hapa.

Nirudi kwa Bibi Kimenye. Katikati ya miaka ya 1970 aliondoka Nairobi akaenda kukaa London, akafanya kazi katika halmashauri ya Brent kama mshauri wa mambo ya uhusiano baina ya watu wa rangi mbalimbali. Sina shaka alikuwa akiijua kazi hiyo tangu utotoni pale Yorkshire. Uganda wakati ule ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyetwaa madaraka Januari 1971 na kuangushwa Aprili 1979, habari ambayo shule yetu haihitaji kuelezwa, maana wako kaka zetu waliotoka madarasani kwenda vitani. Baada ya Museveni kushika serikali mwaka 1986, Bibi Kimenye alirudi Uganda kwa muda wa miaka michache, kisha akakaa Kenya takriban miaka kumi akiendelea kuandika. Mwaka 1997 alitoa hata kitabu cha mapishi ya mboga za Kiafrika, ambacho mke wangu anakiheshimu kuliko Moses wote. Mwaka 1998 alirejea London, mtaa wa Camden, na huko alifariki mwezi Agosti 2012, akiwa na umri wa miaka 82.

Aliandika vitabu zaidi ya hamsini, na nakala zilizouzwa zilipita milioni moja. Milioni moja, ndugu zangu, katika nchi ambazo tunaambiwa kila siku kwamba watu wake hawasomi! Nilipoipata habari ya kifo chake niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha pili kama wanamjua Moses. Karibu nusu ya darasa walinyosha mikono. Nikawauliza nani alimwandika. Hakuna aliyejua. Mmoja akasema, "Mwalimu, si ni hadithi tu?" Sijui kama mwandishi wa watoto anaweza kupewa sifa kubwa kuliko hiyo, ingawa mrabaha ungemfaa zaidi.

Nilisema nitalirudia suala la lugha. Wakati Moses anatoka mwaka 1968, mtoto aliyetaka kusoma kwa Kiswahili kwa ajili ya kufurahi tu alikuwa na Hekaya za Abunuwasi, alikuwa na tafsiri kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, na akikua kidogo alikuwa na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Ni vitabu vizuri, navipenda vyote. Lakini hakuna hata kimoja ambamo mvulana wa Afrika Mashariki anaamshwa na kengele ya bweni akiwa hajamaliza hesabu alizopewa jana. Hapa nchini Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991, na tangu hapo wadogo wa shule za msingi wamepata vitabu vyao kwa Kiswahili. Ninyi wa sekondari bado mnaonewa. Tunawarukisha kutoka hadithi za sungura moja kwa moja hadi tamthilia za mtihani. Katikati hapo ndipo Moses aliposimama, na katikati hapo ndipo Kiswahili kina pengo ambalo mmoja wenu anayelala bweni la ng'ambo ile anaweza kulijaza. Habari anazo. Anachokosa ni daftari na mtu wa kumwambia kwamba mambo ya bwenini yanafaa kuandikwa.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nafika kwenye jambo ambalo huenda kamati haikulitarajia.

Yule mwenzetu aliyetoka na sanduku la bati alirudi kwao kisiwani akajifunza kuunda mitumbwi. Leo ana karakana, ana vijana kumi na wanane anaowalipa mshahara, na mashua zake zinavua kuanzia huku mpaka upande wa pili wa ziwa. Miaka sita iliyopita, paa la bweni letu la zamani lilipoezuliwa na upepo, chama hiki kilipitisha mchango. Yeye alisikia habari hizo redioni. Alileta mbao za kenchi zote, na fedha za mabati nusu. Nilikuwapo mhazini alipofungua daftari la wanachama kutafuta jina lake. Halikuwamo, wala halikuweza kuandikwa, kwa kuwa Ibara ya Nne ya katiba yetu inasema mwanachama ni yule aliyemaliza kidato cha nne katika shule hii na kupata cheti. Mchango wake ukaandikwa kwamba umetoka kwa msamaria mwema. Mhazini hana lawama, alifuata kanuni. Lakini wavulana wanaolala chini ya paa lile usiku wa leo hawajui kwamba liliwekwa na mtu aliyewahi kulala pale pale, kitanda cha tatu kutoka mlangoni.

Na hayuko peke yake. Mwaka wangu tuliingia themanini, tukamaliza sitini na mmoja. Wengine walifukuzwa, wengine walikosa karo, mmoja aliugua akarudishwa kwao. Kila mwaka tunapokutana hapa tunasoma orodha ya wale sitini na mmoja, tunawapigia makofi walio hai, tunasimama kimya kwa ajili ya waliotangulia. Wale kumi na tisa hatuwasomi, wawe hai au wafu.

Kwa hiyo nimewasilisha kwa Katibu pendekezo la maandishi, lenye saini za watu kumi na wawili kama kanuni zinavyotaka, kwamba Ibara ya Nne isomeke hivi: mwanachama ni mtu yeyote ambaye jina lake limepata kuandikwa katika daftari la wanafunzi wa shule hii. Najua wapo wanaosema kwamba kufanya hivyo ni kuwatuza waliovunja sheria, na kwamba vijana hawa wanaotusikiliza watafikiri kutoroka si kosa. Hoja hiyo ina uzito, na wenye nayo waiseme wazi leo mkutanoni. Mimi jibu langu ni kwamba adhabu ya mtoto wa miaka kumi na saba ilikwisha pale barabarani asubuhi ile. Hakuna hakimu aliyeandika kwamba iendelee miaka hamsini.

Vitabu vinne vya Moses nilivyoleta nimemkabidhi mwalimu wa maktaba. Vina majalada yote na karatasi zote za mwisho. Pendekezo letu ni la saba katika orodha ya shughuli, na Mwenyekiti ameniambia kura itapigwa baada ya chakula cha mchana. Nawaomba wanachama msiondoke na mabasi ya saa nane.